Nakala kwanza, Windows baadaye

Kama laptopu yako bado ina Windows 10, umeshasikia habari: Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo huo Oktoba 14, 2025. Tangu hapo vijana wengi wanataka kuhamia Windows 11 chapchap. Kuhama si kosa. Kosa ni kubonyeza kabla ya kujiandaa.

Faili ya Windows 11 inazidi GB 5. Kwa kijana wa Isiolo anayenunua bando kwa shilingi za kuhesabu, ni rahisi kuchukua flashi ya rafiki au kudanlodi kutoka kiungo alichotumiwa kwa WhatsApp. Hapo ndipo noma huanzia. Mapema mwaka 2022, wataalamu wa HP walifichua tovuti iliyojifanya ya Microsoft. Aliyedhani anapakua Windows 11 alipata programu ya kuiba manenosiri. Ukizindua kisakinishi ukiwa ndani ya Windows, unakipa ruhusa ya kugusa kila kitu kwenye mashine. Kwa hivyo chukua faili kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, hata ikibidi kutumia intaneti ya saiba. Kisha andika amri ya certutil -hashfile, jina la faili, na SHA256, ulinganishe herufi utakazopata na zile zilizochapishwa kwenye tovuti hiyo. Zikitofautiana, futa.

Pili, kagua kama mashine inafaa. Windows 11 inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Laptopu nyingi za mtumba hazina chipu hiyo. Usikubali fundi akuambie "tutalazimisha tu" bila kukueleza athari zake.

Tatu, elewa unachochagua. Ukifungua setup.exe ndani ya Windows, utaulizwa kama unataka kubaki na faili na programu, kubaki na faili pekee, au kufuta kila kitu. Soma kabla ya kubonyeza. Ukiwasha mashine kwa flashi, hutapata nafasi hiyo ya kubaki na programu zako, na ukifuta sehemu ya diski isiyofaa, kazi imeisha.

Wanaotaka Linux nao wawe macho. Zamani Ubuntu ilikuwa na Wubi, programu iliyoisakinisha ukiwa ndani ya Windows kama programu nyingine yoyote. Iliachwa mwaka 2013. Leo utatumia flashi. Uzuri ni kwamba unaweza kuijaribu Ubuntu kwanza bila kugusa diski. Ila ukichagua kufuta diski, Windows inaondoka pamoja na picha na kazi zako za chuo.

Kabla ya yote hayo, nakili vyeti, picha na kazi zako kwenye diski ya nje, kisha ufungue faili mbili tatu uhakikishe zinasomeka. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, andika kwenye karatasi ule ufunguo wa tarakimu 48. Chaji betri na uache chaja imechomekwa, maana stima ikipotea katikati ya kazi, mashine isiyo na betri nzima inaweza kukataa kuwaka.

Msimamo wetu ni huu: fundi asiyekuuliza "nakala iko wapi?" hajastahili kushika laptopu yako. Na wewe usimkabidhi kabla ya kuwa na jibu. Unaweza kupeleka diski hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 250, lakini data iliyoandikwa juu yake hairudi. Windows utaiweka tena kesho. Faili ya mradi wako wa mwisho hakuna mahali utaidanlodi.