Mgongo wa mpakiaji haumo katika hesabu zetu

Wafanyabiashara wa maharage na mahindi wa Kasulu na Kibondo ni watu wa hesabu. Muulize yeyote kati yao gharama za gunia moja kutoka Kibondo hadi Kahama, atakutajia ushuru wa halmashauri, bei ya gunia tupu, nauli ya Fuso, posho ya utingo, haki ya dalali, hata kilo zinazopungua njiani kwa mzigo kukauka. Kitu kimoja hatakitaja: mgongo wa mtu aliyelipandisha gunia hilo garini. Tairi la Fuso likiisha lina fungu lake la kununulia jingine. Mgongo ukiisha, mwenye nao anarudi kijijini na mahali pake anaingia mwingine kesho yake asubuhi.

Wiki hii tunaziacha bei kidogo tuuzungumzie mgongo kama mali ya biashara, kwa sababu kuna swali nililoulizwa ambalo linastahili jibu la mtu wa mahesabu.

Aliyeuliza ni kijana wa Kibondo. Alimaliza kidato cha sita mchepuo wa sayansi, akakosa fedha za kuendelea, akaingia kupakia magunia. Msimu mmoja kiuno kilimkatika akiwa chini ya gunia la lumbesa. Alichuliwa na mzee wa jirani, akameza vidonge vya duka la dawa hadi tumbo likaanza kumsumbua, akalala nyumbani miezi. Mwishowe ndugu zake walimchangia nauli akaonwa na mtaalamu wa fiziotherapia nje ya mkoa, akafundishwa mazoezi, akainuka. Sasa anataka kuwa yeye anayewainua wengine. Katika simu ameona picha za Wazungu wanaolazwa kitandani, wakabonyezwa, na uti wa mgongo ukalia kama kuni kavu. Jina la kazi hiyo analo: kiropraktiki. "Kaka, wewe umesomea biashara," aliniambia. "Hii kazi inasomewa wapi, na inalipa?"

Tuanze na soko. Nyanda za juu za Kigoma zimekuwa zikiuza migongo kwa muda mrefu. Wakati wa ukoloni Kasulu na Kibondo zilihesabiwa kuwa wilaya za kuchota vibarua. Wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, mwaka 1944, na Waha wengi wakapelekwa Tanga na kwingineko, ndio walioitwa manamba. Mkonge ulikuwa na bei London. Mgongo wa Muha ulirudishwa nyumbani ulivyo. Siku hizi hakuna manamba, lakini kuna magunia, kuna mikungu ya ndizi na mihogo inayosukumwa kwa baiskeli kwenye vilima vya Heru, kuna ndoo za maji juu ya vichwa vya akina mama, na tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kumekuwa na shehena za misaada za kupakuliwa kwa mikono. Mteja wa tiba ya mgongo hatafutwi kwa tangazo la redio.

Wala jambo hili si la Kigoma peke yake. Watafiti wa kimataifa walikadiria kwamba watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na kwamba ifikapo 2050 watafika milioni 843. Hakuna maradhi mengine yanayowafanya watu wengi zaidi kuishi na ulemavu. Mwekezaji anayetafuta biashara ambayo wateja wake wanaongezeka asipite mbali.

Sasa kazi yenyewe. Wenyewe husimulia kwamba ilianza tarehe 18 Septemba 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa amepitia biashara ya duka la vyakula kabla ya kujitangaza kuwa anaponya kwa sumaku, alimbonyeza mgongo mfagizi wa jengo alimokuwa na ofisi, Harvey Lillard, mtu aliyekuwa na uziwi, na akadai masikio yamezibuka. Mwaka 1897 akafungua shule. Palmer aliamini kwamba karibu maradhi yote ya binadamu hutokana na pingili zilizokaa vibaya. Sayansi haikukubaliana naye, na mwaka 1906 alitiwa jela kwa kutibu bila leseni. Mzigo huo wa madai makubwa bado unaiandama kazi hii, na wako baadhi ya watu wake hadi leo wanaoahidi kutibu pumu na kifafa kwa kubonyeza shingo. Msomaji akikutana na wa namna hiyo ashike mfuko wake.

Sehemu ya historia hii itakayowavutia wasomaji wa ukurasa huu ipo mahakamani. Kwa miaka mingi Chama cha Madaktari cha Marekani kiliwazuia wanachama wake kushirikiana na watu wa kiropraktiki. Mwaka 1976 Chester Wilk na wenzake wakakishitaki, si kwa sheria ya afya bali kwa sheria ya ushindani wa biashara. Mwaka 1987 Jaji Susan Getzendanner aliamua kwamba chama kilikuwa kimekula njama ya kuwafungia wenzao soko, na mahakama ya rufaa ikaikubali hukumu hiyo mwaka 1990. Hukumu hiyo haikusema kwamba Palmer alikuwa na haki kuhusu masikio ya Lillard. Ilisema mnunuzi asizuiwe kuchagua.

Na mnunuzi anapata nini? Hapa kuna karatasi ya kutegemea. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Uliyataja mazoezi, elimu kwa mgonjwa, kuchua, na pia kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono kuwa mambo yanayoweza kutolewa kwa mgonjwa. Mikanda ya kufunga kiunoni na kuvuta mgongo kwa mashine haikupendekezwa. Wenye maduka wanaoleta mikanda hiyo kwa maboksi watanisamehe, lakini mpakiaji anayenunua mmoja kwa mshahara wa siku mbili naye anastahili kuambiwa.

Kwa hiyo mikono ina kazi, ikiwa pamoja na mazoezi na maelezo. Swali ni mikono ya nani. Mwongozo wa shirika hilo hilo wa mwaka 2005 kuhusu mafunzo ya kiropraktiki uliweka kiwango cha saa zisizopungua 4,200 za masomo, yaani miaka minne ya kusoma muda wote, ndani yake zikiwemo saa 1,000 za kutibu chini ya msimamizi. Katika bara letu, mlango unaofahamika wa kusomea ni Afrika Kusini: Durban, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia, na Chuo Kikuu cha Johannesburg. Huko mtu husoma hadi shahada ya uzamili, na miaka sita si mingi. Ada, viza, pango na chakula vyote ni kwa randi. Ongeza kipato ambacho kijana hatakipata katika miaka hiyo. Kisha arudi Kibondo kutibu watu ambao fedha zao huonekana baada ya mavuno na kupotea kabla ya mvua.

Jibu langu kwa kijana ni kwamba kwa mtaji alionao, kiropraktiki hailipi. Atakayeisomea atalazimika kufungua Dar es Salaam au Nairobi ili arudishe fedha, na wapakiaji wa Kasulu watabaki na vidonge vyao. Lakini mtu aliyemwinua yeye hakuwa wa kiropraktiki. Alikuwa wa fiziotherapia, na hiyo inafundishwa KCMC, Moshi, kwa shilingi. Moshi ni mbali na Kibondo, hilo tunalijua sote tuliokaa ndani ya basi siku nzima. Hata hivyo mwenye Fizikia, Kemia na Biolojia zinazoeleweka anaweza kuomba nafasi, na anaweza kuomba mkopo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Akihitimu anatambulika chini ya sheria ya 2017 ya madaktari na wataalamu wa afya shirikishi. Anaweza kuajiriwa hospitali ya wilaya Kibondo au Kabanga, na mbele ya safari akafungua chumba chake. Kitanda kigumu, shuka, mikeka ya mazoezi, mikono. Hakuna shehena ya dawa ya kuisha muda.

Njia ya tatu ipo, nayo ndiyo ninayoiogopa: cheti cha wiki mbili, bango lililopakwa rangi, na picha ya uti wa mgongo iliyokatwa gazetini. Katika nchi yetu si kila kiuno kinachouma kimeumizwa na gunia. Kifua kikuu huingia katika pingili za mgongo na kuzila polepole, na ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe humpata binadamu kwa maziwa yasiyochemshwa na kumuumiza kiuno vilevile. Ukiibonyeza kwa nguvu pingili iliyoliwa na kifua kikuu, mtu aliyeingia kwa miguu anaweza kutoka akiwa amebebwa. Mwenye elimu anajua kuuliza kuhusu homa za usiku, kukonda, ganzi ya miguu, mkojo kuzuilika, na anajua lini aondoe mikono amtume mgonjwa apigwe picha. Ile miaka ya chuo ndiyo inayonunua ujuzi huo. Anayetaka kuweka fedha yake katika chumba cha tiba ya mgongo aulize usajili wa mtabibu kwanza. Wale wa tiba asili na tiba mbadala nao wana baraza lao kwa sheria ya mwaka 2002.

Lakini nisiwaachie waganga kazi yote, maana chanzo tunacho sisi. Sheria ya Vipimo inaweka mwisho wa kilo 100 kwa gunia la mazao, na lumbesa huupita huku kila mtu akitazama pembeni. Hata hizo 100 ni nyingi: pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 ni kwamba mzigo wa mwanamume mzima mmoja usizidi kilo 55.

Tupige hesabu ya mfano. Tani nne ni magunia 40 ya kilo 100. Tuseme kupakia ni Sh. 500 kwa gunia, jumla Sh. 20,000. Tukiyafanya kuwa 80 ya kilo 50, na kila moja likapakiwa kwa Sh. 300, jumla ni Sh. 24,000. Nyongeza ya Sh. 4,000 kwa kilo 4,000 ni shilingi moja kwa kilo. Magunia 40 ya ziada kwa Sh. 1,000 kila moja, yakitumika safari nne, yanaongeza shilingi mbili na nusu. Jumla shilingi tatu na nusu kwa kilo. Bei ya maharage hupanda na kushuka zaidi ya hapo kabla ya saa sita mchana, na hakuna anayelia.

Upande wa kijana, wafanyabiashara 60 wakitoa Sh. 5,000 kila mwezi kupitia SACCOS yao wanapata Sh. 3,600,000 kwa mwaka, za kuongezea mkopo wa Bodi. Mfanyabiashara mmoja wa Kasulu nilipomweleza alicheka: "Akishahitimu atakimbilia Dar, mwandishi." Inawezekana. Mkataba basi uandikwe kama wa mkopo mwingine wowote: miaka minne ya kazi Kasulu au Kibondo, akiondoka kabla arudishe salio na riba, wadhamini wawili wenye mali isiyohamishika. Baba yake ana shamba la migomba, na amesema yuko tayari kuweka sahihi.