Ahadi ya miezi mitatu



Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa paroko katika parokia ya kijijini, alikuja ofisini kwangu baba mmoja wa familia. Hakuja kuungama, angekuwa amekuja kuungama, jambo hili nisingeligusa kabisa. Alikuja na mkewe, akakaa mbele ya meza yangu, akasema amechoka na pombe na anataka kuacha. Nilifurahi kupita kiasi. Dominika iliyofuata, baada ya Misa ya pili, nilimwita mbele, naye akaahidi mbele ya waamini wote kwamba hataionja tena pombe mpaka kufa. Kwaya ikaimba, akina mama wakapiga vigelegele.

Wiki ya tatu walimkuta kilabuni. Hakurudi tena kanisani. Nilipomwuliza mkewe, alinijibu bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: "Baba, anasema afadhali alipokuwa mlevi tu. Sasa ni mlevi aliyemdanganya Mungu."

Neno hilo nimetembea nalo muda mrefu. Kwa miaka mingi nilidhani yule baba alishindwa kwa sababu nia yake ilikuwa ndogo. Leo naona kwamba mimi ndiye niliyembebesha mzigo wa miaka arobaini, wakati mgongo wake ungeweza kubeba wa siku saba.

Aliyenifungua macho ni kibarua mmoja wa Dublin, nchini Ireland, aitwaye Matt Talbot. Alizaliwa mwaka 1856 katika familia maskini yenye watoto wengi. Shule aliipitia juu juu tu. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi alipata kazi kwa wafanyabiashara wa pombe, na huko huko akaanza kunywa. Kwa miaka kama 16 mshahara wake uliishia baa. Zilipokwisha fedha aliuza hata viatu vyake. Siku moja yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla wa mtaani fidla yake, chombo kilichomlisha yule maskini, wakaiuza ili wanywe.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alikaa siku kadhaa bila kazi na bila senti. Jumamosi ya malipo akasimama nje ya baa akiwasubiri rafiki zake, wale wale aliowanunulia pombe mara nyingi. Walipita mmoja mmoja, wakamsalimia, wakaingia ndani. Hakuna aliyemwambia karibu. Akarudi nyumbani mapema, mama yake akashangaa kumwona hajalewa, naye akamwambia anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama alimtakia heri kwa jina la Mungu, lakini akamwonya asiweke ahadi hiyo kama hakusudii kuitimiza. Akaenda kwa padre, akaungama, akaahidi kutokunywa kwa miezi mitatu.

Nakuomba usipite haraka hapo. Miezi mitatu, basi. Na hata hiyo ilimtisha, kwa maana mwili ulimdai pombe mchana na usiku. Ilipokwisha aliongeza muda, akaongeza tena, na mwishowe ndipo akaahidi kwa maisha yote. Hakuonja tena pombe hadi alipofariki mwaka 1925, miaka 41 baadaye.

Ndugu yangu, sisi hupenda ahadi kubwa. Mwaka mpya ukifika tunaacha kila kitu kwa mpigo: pombe, umbea, madeni, hasira, na simu usiku. Kwaresima ikianza tunafanya vivyo hivyo. Seminarini tulifundishwa kwamba fadhila ni mazoea mema yanayojengeka kwa matendo yanayorudiwa, na swali hilo nililijibu vizuri sana kwenye mtihani. Kisha nikawa padre, nikaanza kuwadai watu matunda ya mti ambao haujapandwa.

Lakini ufupi wa ahadi pekee haukumwokoa Matt. Tazama alivyozipanga saa zake. Jioni, saa ile ile ambayo miguu ilikuwa imezoea kuelekea baa, alikwenda kanisani mbali na mitaa ya wenzake, akakaa humo mpaka hatari ipite. Asubuhi alihudhuria Misa kabla ya kazi. Inasimuliwa kwamba siku moja tamaa ilimzidi akaingia baa akiwa na fedha, mhudumu akawa anashughulika na wateja wengine bila kumwona. Akatoka nje, na tangu hapo akaamua kutotembea na fedha mfukoni. Akajilazimisha kusoma, neno kwa neno, mtu ambaye karibu hakusoma shule, mpaka akaweza kusoma vitabu vya watakatifu.

Wazee wetu wa katekesi walikuwa na jina la jambo hilo: kuepuka nafasi ya dhambi. Siku hizi tunalitaja kwa haraka, kama vile ni onyo la watoto wa Komunyo ya Kwanza. Wewe unayetaka kuacha kamari ya mpira, je, ile programu bado iko kwenye simu yako? Unayetaka kuacha ugomvi na mwenzi wako, bado mnazungumzia ada za shule saa tano za usiku, wote wawili mmechoka? Bwana wetu alisimulia habari za pepo mchafu aliyerudi akaikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, lakini tupu. Akaleta wenzake saba. Yule baba wa parokia yangu tulimfagia vizuri kwa nyimbo na vigelegele, kisha jioni ya Jumatatu akabaki na saa nne mikononi asijue azipeleke wapi. Jumuiya yake ndogo ndogo ilikutana Jumamosi asubuhi. Kati ya Jumatatu na Jumamosi hakuna aliyebisha hodi kwake, na mimi mwenyewe sikubisha.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba mipango inatosha. Matt angecheka kusikia amejiokoa kwa ratiba. Alijua ni nani aliyemshika mkono zile jioni, ndiyo maana hakutoka kanisani. Lakini neema haikumzuia kuacha fedha nyumbani.

Na kuna ile fidla, ambayo kwangu ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Baada ya kuongoka alilipa madeni yake ya baa. Kisha akamtafuta yule mpiga fidla kwa miaka, ili amlipe. Hakumpata. Mwishowe fedha hiyo aliitolea Misa kwa ajili ya roho yake. Tunapozungumza kuhusu kubadilika huwa tunajifikiria wenyewe tu: nitakuwa na afya, nitajenga, nitaheshimiwa. Zakayo aliposhuka kutoka juu ya mkuyu alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliyemdhulumu. Mabadiliko yako yanamdai nani fidla yake?

Matt alianguka njiani akielekea Misa, Dominika ya Utatu Mtakatifu, akafa barabarani, kibarua asiyejulikana. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Bado hajatangazwa mwenyeheri, lakini walevi wengi duniani wanamwomba awasaidie.

Mimi nami nina fidla ninayodaiwa. Nimehama parokia ile. Nilirudi mara mbili kumtafuta yule baba, nikaambiwa familia imehamia mjini, hakuna ajuaye ni mtaa gani. Huenda gazeti hili likamfikia, hata likiwa limefungia maandazi. Baba, kama ni wewe, Mungu hukumdanganya. Mimi ndiye niliyekuharakisha. Njoo na mama watoto, saa yoyote, hata kama umekunywa. Safari hii hatutaita kwaya. Tutaanzia Jumatatu hadi Jumatano, na jioni zote tatu nitakuwa ofisini.