Mkubwa na Mdogo katika Nyumba Moja



Juma hili tunapenda kutafakari nanyi jambo ambalo wengi hudhani ni la wakubwa wa Arusha, kumbe lamgusa hata mama wa Nyamwaga apelekaye ndizi Sirari. Je, mataifa makubwa na madogo yakaeje nyumba moja bila mmoja kummeza mwenzake?

Sisi wa Tarime twaijua gharama ya nyumba kuvunjika. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, ilisambaratika mwaka 1977. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na Wakurya wa pande mbili, watu wa damu moja, wakatenganishwa na ugomvi wasiouanzisha. Mkataba mpya, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, wakiri katika utangulizi wake kwamba miongoni mwa sababu za anguko lile ilikuwa faida kugawanywa bila uwiano. Kenya, yenye viwanda vingi, ilionekana kunufaika kuliko wenzake.

Ndiyo maana mkataba huo uliweka kinga. Burundi hupeleka wabunge 9 wa kuchaguliwa katika Bunge la Afrika Mashariki. Kongo, yenye watu zaidi ya milioni 100, nayo 9. Wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano: mmoja akikataa, neno halipiti.

Ulaya wamepita njia nyingine. Katika Bunge lao Ujerumani ina viti 96 na Malta 6. Katika Baraza la Mawaziri, mambo mengi hupita yakiungwa mkono na asilimia 55 ya nchi, zenye asilimia 65 ya watu wote. Hivyo wakubwa hawaamui peke yao, wala mdogo mmoja hawafungi wote mikono.

Kwetu kinga ya mdogo ni imara, lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni fedha. Mkataba uliagiza michango iwe sawa kwa kila nchi, na Sudan Kusini, iliyojiunga mwaka 2016 ikiwa imechoshwa na vita, ikalimbikiza deni la mamilioni ya dola. Huo ni usawa wa hesabu, si wa haki. Bwana wetu alipoitazama sadaka ya mjane, hakuipima kwa wingi wa sarafu.

Ya pili ni kwamba maafikiano yakikawia, wenye haraka hutafuta mlango wa nyuma. Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda walianza kukutana peke yao. Tanzania, pamoja na ukubwa wake, ikajikuta nje, hata Rais Kikwete akalieleza Bunge mwezi Novemba mwaka huo kwamba hatutatoka katika Jumuiya. Kumbe hata mkubwa aweza kuonja machungu ya kutengwa!

Kanisa lina neno hapa. Mwaka 1931 Papa Pius XI alifundisha kanuni ya auni: ngazi ya juu isiipokonye ngazi ya chini kazi inayoiweza, bali iisaidie. Kanuni hiyo imo pia katika ibara ya 7 ya mkataba wetu. Kwa mwanga huo, twaona viti vibaki sawa, michango ifuate uwezo, na maafikiano yatunzwe kwa mambo mazito. Mambo ya kila siku, kama taratibu za mazao mpakani, yaamuliwe kwa wingi ulio mkubwa wa nchi na wa watu pia.

Wabunge wa Afrika Mashariki huchaguliwa na Bunge letu la Dodoma. Basi mbunge wenu ajapo kuomba kura, mwulizeni anawapigia akina nani, na kwa sababu gani. Nasi tujichunguze: katika halmashauri ya parokia, je, kigango kidogo husikilizwa kama kile kikubwa? Asiyejifunza haki kigangoni hataidai Arusha.

Tuwatakie Dominika njema.