Elimu Nyumbani: Binti yako hachezi, anachora



Wiki iliyopita, baada ya mkutano, mama mmoja alinivuta pembeni: «Mwalimu, binti yangu anajaza kaye kwa sifuri na moja. Akiwasha ordinateri anaandika zile zile. Nimemwambia aende jikoni, amwachie kaka yake.»

Nikaomba kuiona ile kaye. Kumbe mtoto alikuwa anachora.

Tuelewe hivi. Ekra ya ordinateri imejaa vidoa vidogo sana, vinaitwa pikseli. Ekra yenye safu 768 za vidoa 1366 ina vidoa zaidi ya milioni moja. Ukikaribia kitenge unaona nyuzi. Ukisogea mbali unaona maua. Picha ya ordinateri ni vile vile, ila kila kidoa kinaongozwa na namba.

Mtoto aweza kuanza leo, hata kama umeme umekatika. Kwenye kaye ya miraba, apime miraba 5 kwa 5, apake weusi ile inayofanya herufi M. Mraba mweusi ni 1, mweupe ni 0. Umeme ukirudi, afungue Bloc-notes, aandike:

P1
5 5
1 0 0 0 1
1 1 0 1 1
1 0 1 0 1
1 0 0 0 1
1 0 0 0 1

Mstari wa kwanza unataja aina ya picha, wa pili upana na urefu wake. Aiweke kwa jina m.pbm, bila .txt nyuma, kisha aifungue katika GIMP, programu isiyolipiwa. Itatokea ndogo mno; aikuze. Ndiyo M ya mama.

Akizoea, atafika kwenye rangi: hapo kila kidoa kinapewa namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bulu, kila moja kuanzia 0 hadi 255.

Faida iko wapi? Akiruka namba moja, picha haitoki sawa. Hakuna wa kumlaumu. Anarudi kuhesabu mpaka apate kosa lake. Darasani natafuta uvumilivu huo kila siku.

Na yule mama tulikubaliana hivi: saa za ordinateri, binti na kaka yake wagawane sawasawa. Na vyombo vya jikoni pia.

Mwalimu wenu