Neno la Mhariri: Riwaya ya Kagera Iko Wapi?

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, Umatumbi, Ungoni na kwingineko, kuwasikiliza wazee waliovikumbuka Vita vya Maji Maji. Vita vilianza 1905. Aliyekuwa mvulana wa miaka 12 siku zile alikuwa amefika 75, na bado aliweza kueleza alichokiona kwa macho yake. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile. Sidai kwamba karatasi za watafiti ndizo zilizoizaa tamthilia ile. Ninachodai ni kwamba nchi iliyokuwa na miaka saba tu ya uhuru ilifanya haraka kuwauliza wazee wake, na ilikuwa na mwandishi aliyethubutu kuuliza hata yale ambayo wazee wenyewe wasingeweza kuyajibu.

Historia inajua kwamba Kinjeketile Ngwale alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, Agosti 1905. Haijui usingizi ulimjia vipi baada ya kuona watu wanayaamini maji yake ya kuzuia risasi kuliko alivyoyaamini yeye. Hapo ndipo Hussein alipoingia, na hakuficha kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa kubuni.

Nauliza basi: nani ameingia Kagera?

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaitwaa ardhi yetu iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu walikimbilia kusini na walichoweza kubeba, ng'ombe wakaswagwa kwenda ng'ambo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Haya yamo katika vitabu vya shule. Wala kalamu hazikulala: Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, na mwaka mmoja baadaye Henry Muhanika akatoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Muhanika alifuata njia ya zamani na ya heshima. Hemedi bin Abdallah aliwatungia utenzi Wadachi walipoitamalaki Mrima, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akavitungia Maji Maji, na Shaaban Robert akaiweka vita kuu ya 1939 hadi 1945 katika beti zisizohesabika upesi. Kiswahili kimezoea kupeleka vita kwa washairi.

Lakini utenzi una kazi yake. Unahifadhi majina, unapanga matukio, unasifu waliosimama. Haukutungwa ili ukae na mke wa mgambo aliyechukuliwa shambani wakati wa kupalilia. Haukutungwa kumfuata mtu huyo akirudi, akiwa na mikono na miguu yote, ila watoto wake hawamtambui tabia. Na nani ameyaandika yale yaliyofuata? Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ilipita, mkanda ukabaki umefungwa: foleni za sukari, sabuni iliyokatwa vipande, kitenge kilichonunuliwa kwa magendo na kuvaliwa kwa woga. Vita viliingia jikoni hata Mtwara, mbali kabisa na mpaka, na huko jikoni vilikaa miaka. Hiyo ni riwaya nzima, na rafu yake bado ni nyembamba kwa namna inayoniumiza.

Najua jibu linalotolewa: aandike aliyepigana. Silikubali. Ngũgĩ wa Thiong'o hakuingia msituni na wapiganaji wa Mau Mau wa Kenya. Alikuwa mwanafunzi wa shule ya Alliance wakati wa hali ya hatari, akarudi likizo akakuta kijiji chao kimebomolewa. Kaka yake mmoja alikuwa msituni. Ndugu yake mwingine, kiziwi, alipigwa risasi kwa kuwa hakuisikia amri ya kusimama. Msomaji wa A Grain of Wheat, riwaya ya 1967, atakumbuka kwamba humo pia yumo kijana kiziwi, Gitogo, anayeuawa vivyo hivyo akikimbia kumwangalia mama yake. Ni tukio fupi mno, na baada yake msomaji hawezi tena kuiona amri ya kutotoka nje kama kifungu cha sheria. Ngũgĩ angeweza kuandika riwaya ya mashujaa, kwa kuwa msiba ulikuwa wa nyumbani kwao na uhuru ulikuwa mbichi. Badala yake alimweka katikati Mugo, mtu anayeheshimiwa na kijiji kizima huku akijua kwamba ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji wa msituni. Ujasiri wa kuandika hivyo miaka minne tu baada ya Desemba 1963 ndio ninaoutaka kwetu.

Abdulrazak Gurnah yuko mbali zaidi na vita anayoiandika, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, miaka 30 baada ya jemadari wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, kusalimu amri kule Abercorn. Hata hivyo Afterlives, ya mwaka 2020, inamfuata Hamza, askari wa Wajerumani, mpaka anaporudi mjini akichechemea, bila cheo wala hadithi anayotaka kuisimulia. Nusu bora ya kitabu, kwa maoni yangu, ni hiyo ya baada ya vita: kibarua katika ghala, chumba cha kuazima, mapenzi ya polepole na Afiya. Wapagazi waliokufa katika vita ile, upande wa Waingereza peke yao, wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi kwa maradhi na njaa. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam inamwonyesha mwenye bunduki. Mwenye mzigo amelazimika kuwasubiri waandishi.

Aliyepigania Kagera akiwa na miaka 20 amepita 65 sasa. Hadithi fupi na makala za toleo hili zinajaribu kuvisogelea vita kupitia mlango wa nyuma, na baadhi zinafaulu. Hakuna hata moja iliyotoka Missenyi, huko mpakani. Kwa hiyo kurasa za matoleo yajayo ziko wazi kwa yeyote aliyekimbia Kyaka akiwa mtoto mgongoni, aliyepika kambini, aliyemzika mtu katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, au aliyelelewa na mzee asiyependa kuulizwa habari za Uganda. Miswada ya mkono itapokewa. Kama mzee hawezi kuandika, mjukuu aandike anavyosimuliwa, na pale mzee anaponyamaza, abuni.