Jumba la Maduka na Lugha ya Wenyeji

Nimekulia Ikonda, katika milima ya Makete, mahali ambapo Kiswahili si lugha ya mama kwa wengi wetu. Tulikipokea shuleni na redioni, tukakitia katika vinywa vilivyozoea Kikinga, na mpaka leo lafudhi hutufichua. Kwa hiyo nilipopata safari ya kikazi kwenda Unguja nilikwenda kama mwanafunzi aendaye kumzuru mwalimu wa mwalimu wake. Ni lahaja ya mji ule, Kiunguja, iliyoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kilichotulea sisi watu wa bara.

Wenyeji wangu walinipeleka kwanza kutazama jumba jipya la maduka. Jina lake silitaji, kwa kuwa shauri langu halimhusu mwenye jumba mmoja. Majumba ya namna hiyo yako pia Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na tabia yao ni moja. Lilikuwa zuri. Ngazi zake hupanda zenyewe, hewa yake ni baridi kama asubuhi ya kwetu mwezi wa Juni, na sakafu yang'aa hata mtu huona haya kuikanyaga. Basi nikainua macho nisome. Juu ya mlango, Kiingereza. Juu ya kila duka, Kiingereza. Tangazo la kupunguza bei, Kiingereza. Onyo la sakafu yenye maji, Kiingereza. Hilo la mwisho ndilo lililoniudhi zaidi, kwani bibi mmoja aliyejitanda kanga alipita papo hapo bila kujua kwamba ameonywa. Binti wa dukani naye akanianza kwa Kiingereza. Nikamwambia, "Mwanangu, hata hatujaamkiana." Akacheka, akaniamkia, tukaendelea kwa lugha tuliyo nayo sote wawili. Kumbe ni mzaliwa wa Ng'ambo!

Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo lugha ya biashara. Neno hili lasemwa mno na watu waliosoma, nami nalikataa. Duka, soko, bei, faida, hasara, mizani: maneno haya yalikuwa yakifanya kazi katika pwani yetu kabla Mwingereza hajafungua duka lake la kwanza Unguja. Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, liko pale pale, na samaki hunadiwa humo kwa Kiswahili, wala hakuna aliyepata hasara kwa sababu hiyo. Ama Wakinga wenzangu, ambao biashara zao huonekana Makambako, Mbeya na Kariakoo, wengi wao walianza na mtaji wa viazi na bila sentensi moja ya Kiingereza. Mtalii naye asisingiziwe. Mtalii aweza kuandikiwa mstari wa pili, chini.

Wengine watanijibu kwa ujanja zaidi: hata soko na duka ni maneno yenye asili ya Kiarabu, basi ya Kiingereza yana kosa gani? Hayana kosa lolote yakiingia kama wageni wenye adabu. Vita Kuu ya Kwanza ilituletea kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, na wakazi wa Dar es Salaam wakalitafuna jina hilo mpaka likawa Kariakoo. Huko ndiko kukopa. Kulibandika neno zima lilivyo, kwa tahajia yake, juu ya mlango wa mtu asiyeweza kulisoma, ni kumfanya mwenyeji awe mgeni nyumbani kwake.

Wala msomaji asidhani kwamba nayachukia mambo mapya. Sisi tuliotumwa utotoni kupanga foleni ya sabuni na sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980 hatuwezi kuidharau rafu iliyojaa. Nasema tu kwamba upya hauna lugha yake maalumu. Jengo la soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, kwa mapaa yanayotanda kama miti ya kivuli. Lilikuwa jipya kuliko yote ya wakati wake na halikuhitaji jina la kuazima.

Baraza la Kiswahili la Taifa tunalo tangu mwaka 1967. Mwaka 2021 UNESCO iliipa lugha hii siku yake duniani, tarehe 7 Julai, nasi tukapiga vigelegele. Lakini mimi ni mtumishi wa serikali, nazijua ofisi zetu za huku bara: tunajua kulipima bango ili tulitoze ushuru, hatujajifunza kulisoma. Iandikwe katika masharti ya leseni kwamba Kiswahili kitangulie, juu, kwa herufi zisizo ndogo kuliko za lugha nyingine. Hakuna mfanyabiashara atakayefilisika kwa kibao.

Niliporudi Ikonda nilimkuta kijana wa jirani akifungua kibanda karibu na hospitali ya Konsolata, cha kuuza mablanketi, ndoo na chupa za chai. Alikuwa amemwandikia fundi wa rangi jina refu la Kiingereza kwenye kipande cha karatasi. Nikamwuliza wateja wake watakuwa nani. "Watu wanaouguza wagonjwa, baba," akasema, "wanatoka Mbeya, Songea, hata Dodoma." Nikamwuliza watu hao husemezana kwa lugha gani wakiwa kwenye foleni. Akaitazama karatasi. Fundi, aliyekwisha kuchovya brashi, alikuwa akitusubiri.