Uhuru wa Kuchagua Nini?

Siku hizi ukiuliza uhuru ni nini, utajibiwa upesi: ni mtu kujichagulia mwenyewe. Jibu hilo lina nasaba yake. Mwaka 1859 Mwingereza John Stuart Mill alitoa kitabu juu ya uhuru, akafundisha kwamba mtu mzima aachwe aishi apendavyo, maadamu hamdhuru mwingine. Fundisho hilo lina wema wake. Sisi twashindana na wale waliolikata nusu, wakabakiza tendo la kuchagua na kusahau vile vya kuchagulia.

Twendeni Kidichi. Watu huenda huko kutazama hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Wachache huuliza habari za mikono iliyopanda na kuchuma karafuu za mashamba yale. Ilikuwa mikono ya watumwa.

Aprili 1897 Sultani Hamoud, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuondoa utumwa. Lakini amri ile haikumfungua mtu papo hapo. Kila mtumwa ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake; yaani, achague. Bwana alilipwa fidia; mtumwa hakulipwa kitu. Na aliyeandikiwa uhuru, asipoweza kuonyesha makazi na njia ya riziki, aliweza kuhesabiwa mzururaji. Ardhi ilibaki ya bwana, mikarafuu ya bwana, na kibanda chenyewe kilisimama juu ya ardhi ya bwana. Basi wengi walibaki shambani, wakifanya kazi siku kadhaa kila juma ili waachiwe kipande cha kulimia muhogo wao. Nani atathubutu kusema walipenda wenyewe?

Masuria walifungiwa hata mlango huo, isipokuwa walioteswa, mpaka amri ya mwaka 1909. Ndiyo maana hatudharau kuchagua. Asiyeruhusiwa kusema hapana ni mtumwa, hata akivikwa hariri.

Leo binti wa Unguja akienda Oman kuwa mtumishi wa nyumbani, twaambiwa amechagua, ametia saini. Kweli ametia. Je, hapa kwao aliachiwa kazi gani nyingine? Na mwajiri akiishika pasipoti yake, kama yalivyowapata wengi, saini ile yamfaa nini? Wanaotuambia "alichagua" watuonyeshe kwanza mlango wa pili aliokuwa nao. Hadi hapo twadai mkataba usomwe kwa Kiswahili kabla ya safari, wakala aliyempeleka awajibike kwa yatakayompata, na pasipoti ikae mkononi mwa mwenyewe.